Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara aliyeipa dunia habari za Mlima Kenya

MJI wa Machakos na nchi ya Kenya vinafanana kwa jambo moja. Majina yote mawili yalitoka vinywani mwa wenyeji wa Ukambani, kisha yakaandikwa na wageni kwa jinsi masikio yao yalivyoyapokea.

Machakos ni Masaku, jina la mwaguzi mashuhuri aliyeishi karibu na vilima vya Iveti katika karne ya 19. Waingereza walipoweka kituo chao hapo mwaka wa 1889, miaka 10 kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuwa Nairobi, ndimi zao zilishindwa na jina hilo, nalo likageuka kuwa Machakos.

Kenya nalo ni jina la mlima. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alilipata Ukambani mwaka wa 1849 na kuliandika mara Kenia, mara Kegnia. Mtu aliyemweleza habari za mlima huo, akamkaribisha kwake Kitui na kumwonyesha upande wa kuutazama alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu aitwaye Kivoi Mwendwa.

Masaku ameachiwa mji unaolibeba jina lake hadi leo. Kivoi ameachiwa sentensi mbili tatu katika vitabu vya historia vya shule, ambamo wanafunzi humkuta kama mtu aliyemwongoza Mzungu. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo mno kwa mtu wa kiwango chake.

Biashara iliyozaliwa na njaa

Kivoi anakadiriwa kuzaliwa katika miaka ya 1780, katika nchi ambayo mvua yake haijawahi kuwa ya kutegemewa. Mvua ilipokosa kunyesha, Mkamba hakuketi nyumbani kungoja mauti. Alichukua alichokuwa nacho, akaenda kwa jirani mwenye mavuno ili abadilishane naye kwa chakula. Desturi hiyo ya kuhemea huitwa kuthuua kwa Kikamba.

Kutokana na safari hizo fupi za kutafuta nafaka, Wakamba walijifunza njia, lugha na mahitaji ya majirani zao wa Kikuyu, Embu, Mbeere na hata Uchaga. Njaa kubwa ya mwaka wa 1836 iliwasukuma wengi wao mbali zaidi hadi karibu na Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako baadhi yao walijenga makazi ya kudumu.

Makazi hayo yakawa kituo cha biashara. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu na ngozi. Kutoka pwani zilipanda nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kufikia katikati ya karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa mabwana wa njia ya kutoka Mombasa kwenda bara, na mfanyabiashara wa pwani aliyetaka pembe aliwangoja wao wazilete.

Silaha iliyowawezesha ilikuwa upinde na mshale wenye sumu, uliotosha kumwangusha ndovu. Hata hivyo, silaha peke yake haikutosha. Kati ya Kitui na Rabai kuna nyika kavu ambamo msafara uliokosea kisima ungeweza kuangamia wote.

Ujuzi wa njia hizo ndio uliomfanya Kivoi kuwa tajiri. Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila kijiji yaliamuliwa na baraza la wazee, na mtu hakurithi enzi kutoka kwa babake. Krapf mwenyewe aliona kwamba Mkamba alipata nguvu juu ya wenzake kwa mali, kwa ufasaha wa kusema, kwa umbo la kuheshimika na, zaidi ya yote, kwa kusadikiwa kwamba ana uwezo wa uganga na wa kuleta mvua. Kivoi alikuwa na hayo yote.

Haifai kumpamba kupita kiasi. Alikuwa mtu wa faida, aliyemiliki watumwa kama walivyofanya matajiri wengi wa zama zake, na ukarimu wake kwa wageni haukutengana na hesabu ya kile ambacho wageni hao wangemletea. Lakini ni hesabu hiyo hiyo iliyomfanya aijue nchi kuliko mtu yeyote ambaye Krapf alikuwa amekutana naye.

Mgeni mwenye kalamu

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, kusini mwa Ujerumani, na alifika Mombasa mwaka wa 1844 akitumwa na chama cha kimishonari cha Kanisa la Uingereza. Katika Julai ya mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na wakafungua kituo Rabai.

Rebmann ndiye aliyetangulia kuona maajabu. Mnamo Mei 11, 1848, akiwa njiani kwenda Uchaga, aliuona Mlima Kilimanjaro ukiwa umefunikwa na kitu cheupe kileleni. Alipouliza habari zake, akaelewa kuwa ni theluji.

Habari za milima myeupe hazikuwa ngeni kwa Kivoi. Alikuwa amefika Uchaga na kuuona Kilimanjaro, ambao Wakamba waliuita mlima wa weupe. Alimweleza Krapf kwamba kulikuwa na mlima mwingine wa namna hiyo, mkubwa zaidi, uliokuwa umbali wa mwendo wa siku sita kutoka Kitui, na kwamba mtu aliweza kuuona kutoka karibu na kijiji chake anga ikiwa safi.

Kipimo hicho cha siku za mwendo ndicho kilichokuwa ramani ya Kivoi. Hakuwa na karatasi wala dira, lakini alijua mto upi hubaki na maji kiangazi, mlima upi huonekana kutoka wapi, ni kabila lipi lililo upande wa pili wa mto na lina nini cha kuuza. Mfanyabiashara aliyekosea katika mambo hayo hakurudi nyumbani.

Krapf aliondoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849, akavuka nyika na kupanda hadi Kitui, ambako alifika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi huo. Ulikuwa msimu wa mvua, na mawingu yalikuwa yameufunika upande wote wa kaskazini.

Mnamo Desemba 3, 1849, mawingu yalifunguka. Krapf aliuona mlima mkubwa kama ukuta, wenye vilele viwili vilivyosimama juu yake mithili ya pembe, vikiwa vimefunikwa na weupe. Ni vilele ambavyo leo vinajulikana kwa majina ya Batian, wenye urefu wa mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188.

Katika safari hiyo alikutana pia na mtu wa Uembu, Rumu wa Kikandi, ambaye alikuwa ameishi karibu zaidi na mlima. Huyo alimweleza kwamba watu hawakuweza kuupanda kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichoporomoka kutoka juu kwa kishindo. Mtu ambaye hajawahi kusikia neno la Kizungu la theluji alikuwa ameeleza tabia ya barafu kwa usahihi.

Kuhusu jina lenyewe, maelezo yanayojulikana sana ni kwamba Wakamba waliufananisha mlima huo na mbuni dume, ambaye manyoya yake ni meusi kwa meupe, kama yalivyo mawe na barafu ya kileleni. Majirani wa Kikuyu waliuita Kirinyaga na Waembu Kirenyaa. Kwa kuwa Krapf alifika kwa njia ya Ukambani, matamshi ya Ukambani ndiyo aliyoyaandika.

Barafu iliyokataliwa

Habari hizo zilipofika Ulaya, hazikupokewa kwa shangwe. Mjini London, William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekuwa na sifa ya kuifahamu Afrika ya ndani kwa kusoma vitabu na kuhoji wasafiri, alizipinga waziwazi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1852 alishikilia kwamba theluji ya wamishonari hao ilikuwa ni dhana tu. Haikumkalia akilini kwamba kitu hicho kingeweza kudumu chini ya jua la Ikweta.

Cooley hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki. Lakini neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mashahidi wawili wa kimishonari, na uzito mkubwa mno kuliko la wafanyabiashara wa Kikamba waliokuwa nyuma ya ushahidi huo.

Kisa hicho hakikuwa cha Afrika pekee. Miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa wakihangaika na barafu ya aina nyingine, ile ya kaskazini ya mbali ya nchi ambayo sasa ni Canada, ambako walitafuta njia ya bahari ya kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Huko nako ramani ya kwanza ilikuwa vichwani mwa wenyeji.

Huko kuna Ghuba ya Boothia, mojawapo ya pembe za dunia zilizo ngumu kufikika. Upande wa magharibi imepakana na Rasi ya Boothia, upande wa mashariki na Rasi ya Melville, na kaskazini mashariki na kisiwa kikubwa cha Baffin. Sehemu kubwa ya mwaka maji yake huwa yameganda, na ufuo wake umekatwakatwa na hori na visiwa kiasi kwamba baharia mgeni hujua kwa shida bahari inaishia wapi na nchi kavu inaanzia wapi.

Nahodha John Ross aliingia huko mwaka wa 1829 na meli yake ikanaswa na barafu. Mnamo Januari 1830 walimjia watu wa jamii ya Wainuit wa eneo hilo. Mmoja wao, Ikmallik, aliketi katika chumba cha nahodha na kumchorea ufuo wa ghuba hiyo. Mchoro wake ulionyesha kwamba upande wa kusini ghuba ilikuwa imezibwa na nchi kavu, na kwamba meli isingepata njia ya kutokea huko.

Ikmallik alikuwa amesema kweli. Hata hivyo, ghuba na rasi yake havikupewa jina lake. Vilipewa jina la Felix Booth, mtengenezaji wa pombe wa London aliyegharamia safari hiyo.

Mnamo 1854, miaka mitano baada ya Krapf kuuona Mlima Kenya, Daktari John Rae alikutana na Wainuit pembezoni mwa ghuba hiyo hiyo. Walimweleza habari za Wazungu waliokufa kwa njaa magharibi zaidi. Walikuwa mabaharia wa Sir John Franklin, aliyeondoka Uingereza mwaka wa 1845 na meli mbili zenye watu 129, wasionekane tena nyumbani kwao.

Wainuit walisema pia kwamba baadhi ya wenye njaa walikula maiti za wenzao. London ilikasirika, na mwandishi maarufu Charles Dickens alikuwa miongoni mwa waliotumia kalamu kuutilia shaka ushahidi wa wenyeji hao. Uchunguzi wa mifupa uliofanywa zaidi ya karne moja baadaye ulithibitisha maelezo yao. Meli zenyewe, Erebus na Terror, zilipatikana mwaka wa 2014 na 2016, na masimulizi ya Wainuit yalisaidia kuelekeza msako huo.

Kwa hivyo, Kivoi wa Kitui na Ikmallik wa Boothia, mmoja katika joto la nyika na mwingine katika giza la majira ya barafu, walikuwa katika hali moja. Kila mmoja alimpa mgeni umbo la nchi yake bila kuficha. Kila mmoja aliingia katika historia kama msaidizi wa mtu mwingine.

Hii haina maana kwamba kila kilichosemwa na wenyeji kilikuwa sahihi, au kwamba kilieleweka sawasawa. Kutokana na mazungumzo yake ya Kitui, Krapf alihitimisha kwamba maji ya mlima huo yalilisha pia mto ulioelekea Nile, jambo ambalo si kweli. Lakini kuhusu Tana, ambao aliuandika Dana, alielezwa vyema. Mto huo hupokea maji ya mlima pamoja na yale ya safu ya Nyandarua, kisha husafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi.

Kifo karibu na Tana

Mto huo ndio uliomwua Kivoi, kwa namna ya kusema. Ng'ambo yake, katika nchi ya Mbeere, kulikuwa na pembe za ndovu, na Krapf naye alitamani kuuona kwa macho yake na kujua kama ungeweza kutumiwa kama njia ya kutoka pwani hadi bara. Haja za wawili hao zilikutana.

Krapf alisafiri kwenda Ulaya mwaka wa 1850 na kurudi mwaka uliofuata. Mnamo Julai 1851 aliondoka tena Rabai, safari hii akikusudia kufungua kituo cha kimishonari Yatta. Njiani msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi, na alipofika Yatta mpango wake ulivunjika baada ya wasaidizi wake kumwacha. Akaamua kwenda kwa rafiki yake Kitui.

Kivoi alimchukua katika msafara uliokuwa ukienda Tana. Mwishoni mwa Agosti 1851, walipokuwa wamekaribia mto, kundi la wanyang'anyi liliwavamia. Wengi katika msafara walitawanyika porini. Kivoi aliuawa pale pale pamoja na wachache waliobaki naye. Mtu aliyekuwa amepita nyika hizo miaka mingi bila kupotea alimaliza maisha yake akiwa kazini, kwenye njia anayoijua.

Krapf alinusurika kwa kukimbia. Akiwa peke yake, bila chakula, aliufikia mto na kunywa. Kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaanza kurudi Kitui, akitembea usiku na kujificha mchana.

Masaibu yake ndiyo yanayoonyesha thamani ya Kivoi kuliko sifa yoyote. Nchi ile ile ambayo siku chache kabla ilikuwa na njia, visima na majina, ilikuwa imegeuka kuwa pori tupu kwa sababu mtu mmoja aliyeijua alikuwa amekufa.

Alipofika Kitui, jamaa za Kivoi hawakumpokea kwa huruma. Walimwuliza ilikuwaje yeye akarudi hai na mwenyeji wake asirudi, na maisha yake yakawa hatarini. Kwao, mgeni aliyekula chakula cha mtu na kutembea chini ya ulinzi wake alipaswa kufa pamoja naye au kumwokoa. Krapf alitoroka usiku, akapata taabu nyingi njiani, na hatimaye akafika Rabai. Mpango wa kituo cha Ukambani ukaishia hapo.

Mwaka wa 1853 aliondoka Afrika Mashariki kwa sababu ya afya. Kitabu chake cha safari kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatolewa mwaka uliofuata. Tunayoyajua mengi kuhusu Kivoi yametoka katika kalamu yake, naye anastahili shukrani kwa kutolificha jina la mwenyeji wake.

Kilichobaki

Ukweli ulithibitishwa polepole. Mapema katika miaka ya 1860 msafara wa Mjerumani Karl Klaus von der Decken ulihakikisha kuwa Kilimanjaro una theluji. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya kutoka upande wa Laikipia. Mwaka wa 1887 Count Samuel Teleki aliupanda hadi juu ya mita 4,000, na mwaka wa 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Batian. Cooley alikuwa amekwisha kufariki, na barafu ilikuwa bado pale pale.

Biashara ya Wakamba haikudumu muda mrefu baada ya Kivoi. Katika miaka iliyofuata misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kuingia bara yenyewe, na wale waliokuwa mabwana wa njia wakabaki watazamaji. Halafu ikaja reli, ambayo iliupita Machakos kando, na mwaka wa 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi.

Mwaka wa 1920 Waingereza walipoibadilisha hadhi ya himaya yao kuwa koloni, waliipa jina la mlima. Jina lililosikika kwa mara ya kwanza na Mzungu katika nyika za Ukambani likawa jina la nchi nzima, na mwaka wa 1963 nchi huru ikalihifadhi.

Mto ambao Kivoi alikuwa akiuendea sasa una mabwawa kadhaa ya kuzalisha umeme. Kubwa kuliko yote, Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, liko mpakani mwa Kaunti ya Machakos. Maji yanayojaa humo hutegemea mvua na misitu ya nyanda za juu alizomweleza mgeni wake.

Barafu yenyewe inatoweka. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalihesabiwa maeneo 18 ya barafu ya kudumu katika Mlima Kenya, na yaliyosalia leo ni machache na madogo. Kubwa kati ya hayo, lijulikanalo kama Lewis, lilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Weupe ambao wasomi wa London walikataa kuwa upo, huenda watoto wa leo wakausoma vitabuni tu.

Siku hiyo itakapofika, ushahidi wa kwanza ulioandikwa kwamba barafu iliwahi kukaa juu ya Mlima Kenya utakuwa ule uliotoka Kitui mwaka wa 1849. Na atakayeusoma atafanya vyema kukumbuka kwamba kabla ya kuandikwa ulikuwa umetamkwa, na mtu ambaye hakuhitaji kuamini kwa sababu alikuwa ameona.